Kupanga Kurasa za Kijarida Ofisini: Somo kwa Makatibu wa Vyama

Mwanachama aliyepeleka kilo 120 za kahawa kwenye ghala la chama chake cha msingi ana haki ya kujua bei aliyouziwa, makato yaliyotolewa katika bei hiyo, na sababu ya kila kato. Kijarida cha chama kikuu ndicho chombo cha kumfikishia habari hizo, pamoja na matangazo ya mikutano. Kanuni ya tano ya ushirika, kama ilivyotamkwa upya katika mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika uliofanyika Manchester mwaka 1995, huvitaka vyama viwape wanachama wao elimu, mafunzo na habari. Lakini tangazo la mkutano likimfikia mwanachama baada ya mkutano kwisha, habari hiyo haina kazi tena. Aghalabu chanzo cha ucheleweshaji huo ni safari za kwenda kwa mpiga chapa: maandishi yapelekwe mjini, prufu irudi, isahihishwe, ipelekwe tena, kisha ingoje zamu nyuma ya kalenda na kadi za harusi. Ndiyo maana vyama vikuu vingi hupenda kupanga kurasa katika ofisi zao wenyewe, kwa kompyuta ambayo tayari hutumika kwa hesabu na barua.

Somo hili lahusu jinsi karani au katibu anavyoweza kujifunza kazi hiyo, na mahali ambapo wanafunzi wengi huteleza.

Zamani za stensili, karani alipiga taipureta juu ya karatasi ya nta, kisha akazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono. Kosa lilipakwa dawa, likangojwa likauke, na herufi ikapigwa upya juu yake. Kazi hiyo ilichafua mikono, na nakala za mwisho zilitoka hafifu kuliko za kwanza. Hata hivyo stensili ilimfunza karani adabu moja: alisoma maneno yote na kuyahakiki kabla hajagusa mashine, kwa kuwa stensili iliyoharibika ilikuwa hasara. Kompyuta haimlazimishi mtu kuwa na adabu hiyo. Neno laweza kubadilishwa mara hamsini bila gharama inayoonekana, na kwa hiyo hubadilishwa mara hamsini, hadi saa ya mwisho, na makosa huingia katika badiliko la hamsini na moja.

Uchapishaji huu wa mezani, kama uitwavyo, una umri unaojulikana. Mwaka 1985 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa printa ya leza iitwayo LaserWriter, iliyoelewa lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe. Mwaka huohuo kampuni ya Aldus ya Seattle, iliyoanzishwa na Paul Brainerd, ilitoa programu ya PageMaker. Kwa vitu hivyo na kompyuta ya Macintosh, mtu mmoja mezani aliweza kufanya kazi ambayo hapo kabla iligawanywa kati ya mpanga herufi, mchora kurasa na mpiga picha wa bamba. PageMaker yenyewe imekwisha kupitwa. Toleo lake kuu la mwisho lilitoka mwaka 2001, na makarani walioizoea walilazimika kujifunza upya.

Jambo hilo la kupitwa liangaliwe sana wakati wa kuchagua programu. InDesign, ambayo Adobe iliitoa mwaka 1999, ni hodari, lakini hulipiwa ada kila mwezi au mwaka, na ada hiyo yapasa kuonekana katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Publisher ya Microsoft ilipendwa maofisini kwa urahisi wake, lakini mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mwisho wa kuihudumia ni Oktoba 2026. Chama kilichotunza vijarida vyake vyote katika faili za Publisher pekee kina kazi ya kuzigeuza kuwa PDF. Scribus haina ada, na imekuwako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ugumu wake ni kwamba majedwali humsumbua mwanafunzi. LibreOffice nayo haina ada, na kwa kijarida cha kurasa nne chenye habari fupi yatosha kabisa, ingawa si programu ya kupangia kurasa hasa. Kwa chama kinachoanza, Scribus au LibreOffice ndizo zifaazo. Nakala ya wizi ya programu ya kulipia, inayopatikana dukani kwa bei ya soda, isiingizwe ofisini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yaihusu ofisi ya ushirika kama imhusuvyo mfanyabiashara yeyote, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi vinavyoishia katika kompyuta ya hesabu.

Mahali pa kuanzia

Mwanafunzi asianze na toleo jipya. Achukue toleo la zamani lililochapwa na mpiga chapa, aliweke mezani kando ya kompyuta, na alijenge upya ukurasa kwa ukurasa hadi lifanane. Kwa njia hiyo habari hazimsumbui, tarehe ya kutoa haimkimbizi, na anao mfano wa kujipimia. Rula ni ya lazima. Apime pambizo, apime upana wa safu na nafasi kati ya safu, aandike vipimo hivyo kwenye karatasi, kisha aviingize.

Jambo la kwanza litakalomshangaza aliyezoea kuandika barua ni kwamba katika programu ya kupangia kurasa hakuna mahali pa kuanza kuandika. Ukurasa huwa mtupu, na maneno hayakai humo mpaka ichorwe fremu. Kila habari ina fremu yake, kila picha yake, na habari isiyotosha katika fremu moja huunganishwa na fremu ya pili ili maneno yatiririke. Asiyeijua kanuni ya kuunganisha hukata habari vipande na kuvibandika mkono kwa mkono. Kisha likiongezwa neno moja mwanzoni, mistari ya mwisho ya kila fremu hupotea machoni bila yeye kutambua. Alama ndogo kwenye pembe ya fremu humwambia kwamba yako maneno yaliyofichika. Itazamwe kila mara kabla ya kuchapa.

La pili ni mitindo. Badala ya kuchagua fonti na ukubwa wa herufi kwa kila kichwa cha habari, mwanafunzi huuandika mtindo mara moja, mathalani mtindo wa kichwa, wa maneno ya habari, na wa maelezo ya picha, kisha humpa kila aya mtindo wake. Siku halmashauri itakapolalamika kwamba wazee hawayaoni maandishi, hurekebishwa mtindo mmoja na kijarida kizima hubadilika. Herufi hupimwa kwa pointi, na katika kompyuta pointi 72 hufanya inchi moja. Kwa wasomaji wa kijijini, wanaosoma jioni kwa taa hafifu, pointi 11 ndicho kima cha chini, na nafasi kati ya mistari iwe pointi 13 au 14. Fonti mbili zatosha. Kijarida chenye fonti saba hufanana na ukuta wa duka.

La tatu ni ukurasa-kielelezo, yaani ukurasa unaobeba vitu visivyobadilika: jina la kijarida, nambari za kurasa, mistari ya safu. Hapa hapana mengi ya kusema. Mwanafunzi hulifahamu kwa saa moja.

Lugha na mashine

Programu nyingi huja zimewekewa Kiingereza, nazo hukisumbua Kiswahili kwa namna tatu. Hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, hata jicho la karani likazoea wekundu na kuacha kuona kosa la kweli. Hubadilisha maneno kwa hiari yao, kwa kudhani karani alikusudia neno la Kiingereza. Na hukata maneno mwishoni mwa mstari pasipostahili, wakatokea "wanac-hama" na "mas-hamba". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa vokali, basi neno likatwe "wana-chama" na "ma-shamba", na ng' isitenganishwe na alama yake. Programu isiyo na kanuni za Kiswahili izimwe kukata maneno na kusahihisha kwa hiari. Ieleweke pia kwamba kazi ya kukifanya Kiswahili kitambulike na kompyuta si ngeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni ya ukoo huohuo wa OpenOffice.

Kukata maneno kukizimwa, huzuka tatizo jingine. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "yatakayozungumziwa" katika safu nyembamba hujaza nusu ya mstari, na karani akiamuru mistari yote ilingane pande zote mbili, kompyuta hutawanya maneno yaliyobaki na kuacha mianya mieupe inayoteremka katikati ya safu kama nyufa. Wapangaji wengi hupenda safu tatu katika ukurasa wa A4 kwa sababu wameziona katika magazeti. Kwa Kiswahili, safu mbili zafaa zaidi, na mistari ilingane upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ukiachwa bila kulingana hautamuudhi msomaji yeyote.

Tarakimu

Katika sehemu hii mpangaji wa kurasa hushika jina jema la chama mikononi mwake. Kabla ya kompyuta, karatasi iliyorudufiwa vibaya ilimfanya msomaji awe na shaka, naye aliuliza. Ukurasa uliopangwa kwa unadhifu, wenye mistari iliyonyooka na jedwali lenye kivuli, huonekana kama kwamba umekwisha kukaguliwa. Kosa lililomo husadikiwa.

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama aliyetajwa mwanzoni. Bei ikiwa shilingi 5,000 kwa kilo, mauzo ya kilo zake 120 ni shilingi 600,000. Makato ya halali yakiwa shilingi 210 kwa kilo, jumla ya makato ni shilingi 25,200, naye hulipwa 574,800. Sasa karani, akiinakili bei usiku, aandika 120 mahali pa 210. Kijarida kikifika, mwanachama hupiga hesabu na kuona kwamba alistahili 585,600. Stakabadhi yake yaonyesha upungufu wa shilingi 10,800. Katika chama kilichokusanya kilo 40,000, upungufu huo wa kubuniwa na tarakimu mbili hufika shilingi 3,600,000. Katibu asiye na hatia husimamishwa mbele ya mkutano mkuu kujibu fedha ambazo hazikupata kuwako, na kijarida cha kumsafisha kitatoka toleo lijalo. Wengi hawatalisoma hilo la pili.

Wenye kutunza hesabu wanayo njia ya kale ya kulinusa kosa la namna hii: tarakimu zikipishana mahali, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki. Kutoka 210 ukiondoa 120 hubaki 90. Tofauti ya namna hiyo ikionekana kati ya leja na ukurasa, tarakimu zilizopishana zitafutwe kwanza. Lakini njia hii humsaidia tu mtu ambaye amekwisha kuona kwamba tofauti ipo, na hawezi kuiona asipolinganisha. Kwa hiyo kila jedwali la fedha lisomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akiwa na leja na mwingine akiwa na karatasi iliyochapwa. Lisisomwe kwenye kioo cha kompyuta, kwani macho hupita upesi juu ya kioo. Asomaye leja asiwe yule aliyepanga ukurasa. Wote wawili watie sahihi kwenye prufu, na prufu hiyo ihifadhiwe katika jalada. Mkaguzi akija, ataiomba.

Majedwali yenyewe yapangwe kwa vituo vya tabo au kwa jedwali la programu, kamwe isiwe kwa kubonyeza nafasi nyingi. Tarakimu zilingane upande wa kulia ili maelfu yakae chini ya maelfu. Yaliyopangwa kwa nafasi huonekana sawa kwenye kompyuta ya karani, lakini fonti ikibadilika katika kompyuta ya mpiga chapa safu zote huserereka, na malipo ya chama kimoja hukaa mbele ya jina la chama kingine.

Kabla ya kupanga lolote katika hayo, maandishi yafungwe. Iwekwe siku ambayo baada yake habari haibadilishwi isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mhariri. Wajumbe wa bodi watakuja na sentensi moja ya kuongeza. Ndiyo desturi yao. Sentensi hiyo ingoje toleo lijalo, ila ikiwa ni kusahihisha tarakimu au tarehe ya mkutano.

Karatasi na picha

Kijarida kilichokunjwa katikati huwa na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Kurasa 8 za A5 hutoka katika karatasi 2 za A4, zilizochapwa pande zote. Wanafunzi hushangaa kwamba kurasa haziendi kwa kufuatana: karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 7 upande wa pili, karatasi ya ndani hubeba wa 6 na wa 3, kisha wa 4 na wa 5. Kila jozi ikijumlishwa hufanya 9, yaani idadi ya kurasa na moja zaidi. Programu nyingi za kusomea PDF huweza kuzipanga jozi hizo zenyewe wakati wa kuchapa, lakini asiyeijua hesabu hii hatatambua zikikosewa. Akunje karatasi mbili tupu, aandike nambari kwa kalamu, kisha azikunjue aone.

Nakala 400 za kijarida hicho zahitaji karatasi 800, yaani rimu moja na karatasi 300, na printa hupitisha pande 1,600. Kopo la wino hukadiriwa na mtengenezaji kwa ukurasa ambao maandishi yamefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Picha kubwa nyeusi ya jukwaa la wageni hula wino wa kurasa nyingi, tena aghalabu haina habari. Nakala zikifika elfu mbili, ni nafuu zaidi kurasa zipangwe ofisini na PDF ipelekwe kwa mpiga chapa. Faida ya kupanga ofisini haipotei, kwa sababu safari za prufu zimekwisha. Yahakikishwe tu kwamba fonti zimeingizwa ndani ya PDF.

Picha za chapa zahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Yenye upana wa pikseli 1,200 itachapwa vizuri kwa inchi 4, karibu sentimita 10, na ikivutwa zaidi hufifia. Picha zitumwazo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa njiani. Makatibu waombwe kuzituma kama waraka, au kuzileta kwa flashi. Na orodha ya wanachama wenye madeni, pamoja na nambari zao za simu, isichapwe kijaridani kwa sababu tu nafasi imebaki: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yavihusu vyama pia.

Kazi hii wajifunze watu wawili tangu siku ya kwanza. Ofisi nyingi humpeleka kijana mmoja mafunzoni, naye akipata kazi mjini huondoka na neno la siri, kiolezo, na kijarida chenyewe. Baada ya kila toleo, folda moja ikusanye faili ya kupangia, fonti, picha asilia na PDF; nakala moja ya folda hiyo ikae kabatini kwa katibu mkuu, nje ya kompyuta, na kijarida kimoja cha karatasi kiingie jaladani.

Maswali kwa vikundi vya mafunzo

1. Kunjeni karatasi 3 za kijarida cha kurasa 12. Andikeni jozi za kurasa kwa kila upande. Kila jozi yafanya jumla gani?

2. Leja yaonyesha ushuru wa shilingi 175 kwa kilo, na kijarida chaonyesha 157. Mwanachama wa kilo 300 atadhani amepunjwa au amezidishiwa, na kwa shilingi ngapi?

3. Katika chama chenu, nani atasoma leja na nani atasoma prufu? Taja majina, pamoja na atakayeshika nafasi ya kila mmoja akiwa mgonjwa.

4. Mwenyekiti aleta habari mpya siku mbili baada ya maandishi kufungwa. Jadilini ni habari za namna gani zingeruhusiwa kuingia, na ni nani angetia sahihi.